Niacheni Nimkamue

Wiki iliyopita nilikwenda kumchukua mjukuu wangu Sayi kwenye shule ya watoto wadogo hapa Bariadi mjini. Nilimkuta amesimamishwa mbele ya wenzake, mikono nyuma, kamasi na machozi vimechanganyika. Alikuwa ameulizwa, ukitoka kwenu kuja shule unapita wapi. Mtoto akaanza kujibu kwa mikono, anakata kona hewani, anaruka mtaro, na mwalimu, binti wa juzi tu, akamwambia, "Tuliza mikono, Sayi. Weka nyuma. Fikiri kwa kichwa." Basi, njia yote ikamtoka.

"Mwachie mikono," nikasema pale pale mlangoni.

"Bibi, tunamfundisha utulivu."

"Mwachie mikono, mayu, au nikufunge ya kwako kwa khanga hii, halafu unieleze hizo nywele zako zinasukwaje."

Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka. Nilimshika mjukuu wangu tukaondoka, na nikapita nyumba yetu bila kuiona. Sayi akaniuliza, "Bibi, umenikasirikia?" Nikamwambia hapana, hasira hii nilikuwa nayo kabla mama yako hajazaliwa.

Shule niliishia la tatu. Sina maneno ya wataalamu na kwa jambo hili siyahitaji. Najua mtoto anavyokiona kitu ambacho hakipo mbele yake. Anakiona kwa mikono yake, kwa mabega, kwa miguu, anakifanya ndipo anakiona. Najua kwa sababu mimi nilinyimwa mikono yangu siku moja mbele ya wanaume wazima, na Mama akapoteza ng'ombe.

Nyie wa rika langu mnaukumbuka wakati ule. Sabuni ilirudi madukani, mitumba ikamwagwa chini minadani kama makumbi, malori ya watu binafsi yakaanza kuingia mpaka vijijini kununua pamba na ng'ombe. Wakubwa walikaa wakisema nchi imefunguliwa. Mimi nilikuwa wa kung'oka meno ya mbele, sikujua nchi inafunguliwaje. Nilichokiona ni kwamba josho la kijiji lilikauka, vyura wakahamia mle, na dawa ya kupe ikawa ya kununua dukani kwa mwenye uwezo.

Kwetu ni upande wa Ngulyati. Katika zizi la Baba, Maduhu, ng'ombe wote walikuwa wa Baba isipokuwa mmoja. Kabula alikuwa wa Mama. Mjomba alimswaga kwa miguu kutoka Mwandoya mvua inanyesha, ndiyo maana akapewa jina hilo, la mtoto aliyezaliwa masika. Mjomba akasema mbele ya Baba, "Shemeji, huyu ni wa dada yangu. Siku ukimfukuza dada, anatoka naye." Baba alicheka, lakini hakuwahi kumpiga chapa yake. Mama hakuwa na kitu kingine duniani kilichoitwa chake. Hata sufuria aliyopikia iliitwa ya Maduhu. Jioni akisikia kengele ya Kabula inaingia zizini, mgongo wake ulinyooka.

Ndama wa kwanza wa Kabula akafa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Ng'ombe wetu wa kienyeji mnawajua, bila ndama hawaachii maziwa. Kabula akayazuia. Baba alijaribu kumkamua akapigwa teke la paja, akachechemea mpaka Jumapili. Mama akamwekea ngozi ya yule ndama aliyekufa ailambe, akailamba kwa huzuni, maziwa yakabaki juu. Kiwele kilivimba kikawa kigumu kama kibuyu.

Mimi nilikuwa nimemtazama sana yule ndama alipokuwa hai. Asubuhi moja, bila kumwambia mtu, nikaingia chini ya Kabula kama alivyokuwa akiingia yeye. Nikasukuma kiwele kwa paji la uso, nikarudi nyuma, nikasukuma tena, nikanguruma kwa puani, nikaegemeza kichwa kwenye tumbo lake, ubavu wa kulia, nikakamata chuchu. Nilihisi ngozi yake inalegea. Maziwa yakashuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi na kinoo cha kunolea kisu mkononi, akakiangusha.

Tangu hapo nikawa mkamuaji wake. Mkono wangu wa ugali ulikamua chuchu za mbele, mkono mwingine ulikamua ya nyuma, ile ya upande wangu. Ya nyuma ya upande wa mbali ilikuwa imekufa, haikutoa hata tone, na mkono wangu uliipita bila kuambiwa. Hakumwachia mtu mwingine yeyote. Majirani walimcheka Baba wakinywa pombe: "Maduhu amekosa mtoto wa kiume, Mungu kampa ndama." Baba naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa na mchanga ndani.

Nilikuwa mtoto wa mdomo mzito. Ukiniuliza jambo nikiwa nimesimama tu, nilikutazama kama mbuzi. Mama alinijua. Akinituma dukani kununua chumvi, kiberiti na mafuta ya taa, nilikwenda njia nzima nikinyunyiza chumvi hewani, nikiwasha kiberiti kisichokuwepo, nikimimina mafuta kwenye koroboi ya hewa. Wenzangu walinizomea, "Minza anapikia mashetani!" Lakini nilifika na kila kitu. Siku shangazi alipoingilia kati akanipa mtoto wake mchanga nimbebe mikononi nikienda, nilifika dukani nikiwa mtupu kabisa, nikarudi na pipi. Shangazi alinichapa. Mama hakunichapa. Alimwambia tu shangazi, "Wewe ndiye uliyemjaza mikono."

Kwa akili yangu ya utoto, niliamini kila mtu ana mahali pake anapoweka anayoyajua. Mama aliweka mdomoni, maana alikuwa akiyatoa yote huko. Baba aliweka kwenye fimbo yake, maana hakusema jambo la maana bila kuishika. Mimi yangu yalikaa viganjani. Kabula alikaa humo mzima, na pembe zake, na joto la tumbo lake. Nikikunja ngumi usiku nilijua amelala.

Kisha wakamwiba. Zizi lilivunjwa alfajiri, wakachukua ng'ombe kadhaa. Baba akapiga mwano, ule ukelele wetu wa kuitana, kijiji kikajibu, sungusungu wakatoka na pinde na filimbi zao. Ng'ombe wa Baba walipatikana siku hiyo hiyo porini, wana chapa, hawakuwa na ubishi. Kabula hakuonekana.

Siku ya tatu ikaja habari kwamba sungusungu wa kijiji kingine, nusu siku kwa miguu, wamelisimamisha lori la mchuuzi mmoja, na ndani yake kuna ng'ombe jike mwekundu asiye na chapa. Mchuuzi anasema amemnunua mnadani mbele za watu. Mwenye kudai aende akadai.

Tulikwenda Baba, Mama na mimi. Mama alitembea mbele, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Baba akamwambia, "Mama Minza, punguza mwendo, ng'ombe hana mbawa." Mama hakupunguza.

Tulipokaribia nikasikia harufu ya nyama inachemka. Ilitoka nyumbani kwa mtemi wao, ndivyo sungusungu walivyomwita mkubwa wao. Nikafurahi. Nilidhani wamesikia tunakuja, wametupikia wageni, na kwamba tutakula tukishapewa ng'ombe wetu. Tumbo likanguruma. Nikamvuta Mama khanga nikamwambia, "Mama, wanatupenda." Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

Wanaume walikuwa wamekaa duara kwenye uwanja, pinde magotini, fimbo mikononi. Mtemi alikaa kwenye kigoda, amevaa katambuga mpya za tairi. Wanawake wakaonyeshwa pembeni wakae chini. Mchuuzi alisimama katikati na koti zito la mtumba, la nchi za baridi, jasho linamtiririka, na hakulivua.

Ng'ombe alifichwa nyuma ya nyumba kusudi tusimwone. Huo ndio ulikuwa utaratibu: kila anayedai ataje alama ya siri, kisha watu waende kuangalia. Utaratibu mzuri, siulaumu. Baba alianza. Akasema mwekundu, pembe fupi, nundu imelalia upande.

"Maduhu," mtemi akasema, "umetutajia ng'ombe wote wa Usukuma."

Wakacheka. Mchuuzi akaulizwa. Akasema, "Ana chuchu iliyokufa, ya nyuma, kushoto. Vijana wangu walitaka kumkamua maziwa ya chai wakaiona. Na zile nyingine pia hazitoi kitu. Ni mkavu kabisa huyu, nampeleka machinjoni."

Baba akaruka. "Aa! Chuchu si ameishika jana! Hata mwizi akilala na ng'ombe usiku mmoja atajua chuchu zake!"

"Tulia," mtemi akasema. "Nani anamkamua huko kwako?"

Baba aliona aibu. Mama akajibu kutoka kule pembeni, "Huyu mtoto."

"Huyu?"

"Huyu ndiye ndama wao," mtu mmoja wa kijijini kwetu tuliyemkuta pale akasema, na wote wakapata cha kuchekea.

Nikaitwa. Nikapiga magoti mbele ya mtemi kama nilivyofundishwa, nikaamkia. Akaniuliza kwa upole, maana hakuwa na sauti mbaya yule mzee, "Mtoto wangu, kuna chuchu ya nyuma iliyokufa. Ya kulia au ya kushoto?"

Niliijua. Sikilizeni, niliijua kama ninavyojua meno yangu. Mikono ilikwishaanza kwenda yenyewe. Kichwa kikainamia ubavu wa Kabula, viganja vikafunguka, nikasikia joto la tumbo. Hatua moja tu ilikuwa imebaki: niweke viganja chini, niwe Kabula mwenyewe, nipapase upande wa mkono wa ugali na upande wa pili, na jibu lingekuja.

"Mikono!" Baba akanikaripia. "Unachezea wazee?"

"Mtoto wa kike na mikono yake ni mapajani," mtemi akasema. "Tulia, inama, sema kwa mdomo."

Nikaibana mikono katikati ya mapaja. Kabula akazimika kama koroboi iliyopulizwa.

Nilimtafuta gizani. Nikatazama duara lile, kila mwanaume ameshika kitu, huyu upinde, huyu fimbo, huyu kiko, nikafikiri, kumbe wao wote wanashikilia wanayoyajua, ni mimi peke yangu niliyeambiwa niachie. Kulia na kushoto nilivijua kwa mikono tu, mkono wa ugali na usio wa ugali, na yote miwili nilikuwa nimeibana, ikanipotea ipi ni ipi. Mtemi akarudia swali. Kwa kuwa alikuwa mbele yangu, na mimi nikijitahidi kumtii, nikamwona Kabula mwingine, wa kuchorwa, amesimama alipo mtemi, ananitazama usoni. Ile chuchu ilikuwa upande huu wangu, wa kulia kwangu. Mnaelewa? Ng'ombe akikutazama usoni, kushoto kwake ni kulia kwako. Mtu mzima anajua kumgeuza kichwani. Mtoto humgeuza kwa kujigeuza mwenyewe.

"Kulia," nikasema.

Baba akaachia pumzi kama mtu aliyepigwa tumboni. Mchuuzi akapiga kofi moja.

Hapo nikajua nimekosea, nikalia, na nikasema neno ambalo nalikumbuka mpaka leo, nililisema kwa sauti, hakuna atakayesema sikulisema: "Niacheni nimkamue! Nipelekeni, niacheni nimkamue, ataniachia!"

Mngemwona mchuuzi alivyocheka. "Mtoto ana njaa huyo, anataka maziwa!" Uwanja mzima ukalipuka. Baba mwenyewe, baba yangu mzazi, alitabasamu, tabasamu la mtu anayetaka kuonekana yuko upande wa wanaume.

Hatua chache tu kutoka pale hadi nyuma ya nyumba! Ng'ombe ambaye mwenye lori ameshasema ni mkavu, na mtoto anayesema atamwachia. Ungehitaji akili ya kuku kuona kwamba hapo ndipo ukweli ulipo, ni kuinuka tu ukatazame. Hakuna aliyeinuka. Nimekaa na jambo hili miaka yote, nimezaa nalo, nimezika nalo, na sijapata sababu ya wao kubaki wamekaa isipokuwa hawakutaka.

"Mtoto wa mwenye mali haijui mali yake," mtemi akatoa neno. "Ng'ombe ni wa aliyemnunua mbele za watu. Apakiwe."

Watu huniambia, Mama Kulwa, hata ungejibu kushoto wangekunyang'anya tu, acha kujitesa. Sijitesi. Sikukosa mimi. Na labda ni kweli wangetunyang'anya. Lakini wangetunyang'anya nikiwa nimesema, na Mama angenisikia.

Lori lilikuwa limerudishwa nyuma kwenye tuta la udongo ili ng'ombe wapande. Vijana wakamtoa Kabula. Nilipomwona nikasahau magoti na mapaja. Kwenye chuma cha lori kulikuwa na kamba ya mbuzi, fundo bado liko palepale, imekatwa kwa kisu, na mbuzi hayupo. Niliiona ile kamba na nilisikia bado ile harufu ya nyama, na sikuziunganisha. Nilikuja kuziunganisha nikiwa mwanamke mzima, nachuna mbuzi wa mahari ya binti yangu, nikalazimika kukaa chini.

Nikakimbia. Nikapita katikati ya miguu ya wanaume, kijana mmoja akanikosa shingo, nikaingia chini ya Kabula. Nikasukuma kiwele kwa paji la uso. Alikuwa anatetemeka, shingo imevutwa juu na kamba. Nikasukuma tena, nikanguruma kwa puani, nikaegemea. Akaacha kuvuta. Nikasikia ngozi inalegea, na mikono yangu ikafanya kazi yake, mkono wa ugali mbele, mwingine nyuma, ukaipita ile iliyokufa bila kuigusa.

Maziwa yakashuka. Sikuwa na chombo. Yalipiga udongo kwa nguvu, yakarukia magoti yangu na miguu ya waliokuwa karibu, na mtemi alikuwa karibu, alikuja kusimamia upakiaji. Povu likasimama juu ya vumbi.

Mchuuzi ndiye aliyeanza. "Huyu nimpakie naye," akasema, "atanikamulia njiani." Wachache wakacheka, kicheko kifupi.

Mama alisimama kutoka kwa wanawake akaja mpaka katikati yao. Alikuja amesimama wima. "Mmeona?" akauliza. "Ng'ombe aliyesema ni mkavu, mmeona?" Akamgeukia Baba. "Baba Minza, umeona?" Baba akaitazama fimbo yake. Akamgeukia yule wa kijijini kwetu aliyeniita ndama. "Na wewe uliyecheka, umeona?" Yule akageuza uso. Mwisho akamtazama mtemi usoni, kitu ambacho wanawake wa wakati ule hawakukifanya. "Na wewe, mkubwa. Umeona?"

Waliona. Hilo ndilo linaloniuma. Laiti wangekuwa hawakuona ningewasamehe, ningesema ni wajinga, wamekwenda na ujinga wao kaburini. Waliona wote, kwa macho yao, mchana kweupe, na mimi nimechuchumaa mbele yao mikono imelowa.

"Mama," mtemi akasema, na bado sauti yake haikuwa mbaya, "shauri limekwisha. Neno likishatoka halirudi mdomoni."

Vijana wakanivuta kwa mguu wakanitoa, wakampandisha. Mtemi akainama, akang'oa majani, akafuta maziwa kwenye katambuga zake, mguu mmoja, kisha wa pili, taratibu, akayatupa yale majani.

"Haya," akasema, "shauri linalofuata."